Uchu wa Kununua Kalamu Nyingine ya Wino: Kutambua Dalili, Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Kalamu ya wino inapogoma kuandika, mtu aliyeizoea haitupi wala haikung'uti mezani, bali hujiuliza maswali kwa utaratibu: wino upo, njia yake imeziba, meno ya nibu yamekaa sawa, au karatasi yenyewe imeshika mafuta ya kiganja? Mwongozo huu unauchunguza uchu wa kununua kalamu nyingine kwa utaratibu huo huo. Nimeishi na uchu huo kwa miaka mingi, na nimeukubalia mara nyingi kuliko nilivyoukatalia. Nilichokuja kukitambua ni kwamba aghalabu haumwelekezi mtu kwenye kalamu asiyokuwa nayo, bali hutokana na kalamu aliyo nayo ambayo ina hitilafu ndogo iliyoachwa bila kushughulikiwa, naye akaihesabu hitilafu hiyo kuwa ni upungufu. Ndiyo maana anayejizuia kwa kuuma meno tu hushindwa baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa kile kinachomsumbua kila anaposhika kalamu kinabaki pale pale.

Katika maelezo yanayofuata, nibu ni ile ncha ya bati iliyopasuliwa katikati ikawa na meno mawili. Kipitisha wino ni kile kipande chenye vijifereji kilicholala chini ya nibu. Na kifyonza wino ni kile kijibomba kinachochomekwa mahali pa katriji, yaani kijichupa cha wino kinachonunuliwa kikiwa kimejaa, ili kalamu iweze kujazwa kutoka kwenye chupa.

Kabla ya uchunguzi

Toa kalamu zako zote na uzipange mezani, zikiwemo zile zilizo kwenye mkoba, kwenye mfuko wa koti, na zile zilizofichwa ndani ya masanduku yake kwa sababu ni nzuri mno kutumiwa. Chukua daftari, na kwa kila kalamu andika kwa mkono mambo manne: upana wa nibu yake, wino uliomo sasa, siku ya mwisho ulipoiandikia ukurasa mzima, na kasoro yoyote uliyowahi kuigundua. Kalamu inayoandika iandikie maelezo yake kwa kuitumia yenyewe, na isiyoandika iandikie kwa nyingine, kisha uiweke kando.

Zoezi hili huchukua saa moja hivi, na mara nyingi hiyo ndiyo saa yenye manufaa kuliko zote. Mimi nilipolifanya kwa mara ya kwanza nilikuta nina kalamu mbili za aina moja, rangi moja na nibu moja, kwa kuwa nilipoagiza ya pili nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ninayo ya kwanza. Nilikuta pia kwamba kati ya zile nilizoamini kuwa ziko tayari kwa kazi, zaidi ya nusu hazikutoa hata mstari mmoja bila kubembelezwa. Orodha hiyo usiitupe, kwa sababu utairejea katika kila hatua.

Dalili ya kwanza: «Nahitaji kalamu inayoandika vizuri kuliko hizi»

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi na inayosikika kuwa na hoja nzito kuliko nyingine, kwa hiyo inastahili uchunguzi mrefu. Jambo la kwanza ni kuilazimisha itamke kosa. Kusema kwamba kalamu haiandiki vizuri hakutoshi. Ni lazima useme kama inagoma kuanza, inarukaruka katikati ya neno, inakwaruza, inatoa wino haba, au inatoa wino mwingi hadi herufi zinaota nywele, yaani wino unasambaa kandokando ya mstari. Kila kosa kati ya hayo lina chanzo chake, na karibu yote hurekebishika nyumbani bila kununua kalamu.

Kalamu inayogoma kuanza asubuhi lakini ikaandika vizuri baada ya mistari miwili ina wino unaokauka kwenye nibu usiku kucha, na mara nyingi mwenye kosa hapo ni kifuniko. Ondoa kifuniko, kiweke mdomoni, na upulize taratibu: hewa ikipita kwa urahisi, basi hata unyevu wa wino hupita njia hiyo hiyo. Ubora wa kifuniko hauendi sambamba na bei. Kampuni ya Platinum ya Japani iliweka kifuniko cha ndani kinachosukumwa na springi katika kalamu yake ya #3776 Century mwaka 2011, na mfumo huo huo wa kuzuia hewa umo katika Preppy, ambayo ni miongoni mwa kalamu zake za bei ya chini kabisa. Ilhali zipo kalamu za kifahari ambazo hukauka baada ya siku tatu. Anayedhani atalitibu tatizo la ukavu kwa kupanda ngazi ya bei anaweza kurudi pale pale alipoanzia akiwa amepungukiwa na fedha.

Kalamu iliyogoma kuanza tangu ilipotoka kwenye sanduku ina uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni mabaki ya mafuta ya kiwandani, ambayo huondoka kwa maji ya uvuguvugu hafifu yenye matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, yakivutwa na kusukumwa kupitia kifyonza wino mara kadhaa na kufuatiwa na maji matupu. Wa pili ni umbo la ncha yenyewe: pale ambapo kingo za ndani za mpasuo zimesuguliwa kupita kiasi, kunabaki kijibonde katikati ya ncha, wino unafika ukingoni mwa kijibonde hicho lakini haufikii karatasi mpaka mwandishi akandamize. Nibu ya namna hii huteleza kwa ulaini wa kupendeza na bado hugoma kuanza. Ndiyo maana inamchanganya mtu. Kijibonde hicho huonekana kwa lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, na huondolewa kwa kusugua ncha kidogo sana juu ya msasa laini wa kung'arishia. Hata hivyo, kazi hiyo haina kurudi nyuma, kwa maana kilichosuguliwa hakirudi, basi ianze kwenye kalamu usiyoionea uchungu.

Kalamu inayokwaruza upande mmoja tu wa mwendo, kwa mfano inapokwenda kulia lakini si inaporudi, karibu kila mara ina meno yasiyolingana kimo. Itazame ncha kwa lenzi ukiwa umeielekeza usoni kwako: jino moja litakuwa limepanda kuliko jenzake. Lile lililopanda libonyeze chini kwa ukucha, kidogo kidogo, kisha ujaribu tena kuandika. Kazi hii huchukua dakika tano, na nimekutana na watu waliouza kalamu nzuri kwa nusu ya thamani yake kwa kukosa dakika hizo tano.

Kalamu yenye wino haba inahitaji kwanza kuoshwa kwa kina, kwa sababu rangi iliyoganda ndani ya vijifereji vya kipitisha wino haionekani kwa nje. Ikiwa maji hayatoshi, iloweke nibu pamoja na kipitisha wino usiku kucha katika maji baridi ya kawaida. Maji ya moto yaepukwe, hasa kwa kalamu za eboniti (mpira mgumu) na seluloidi (plastiki ya zamani), na spiriti isitumike kabisa, kwa kuwa huharibu plastiki nyingi. Ikibaki haba hata baada ya kuoshwa, pitisha kibati chembamba cha shaba ndani ya mpasuo mara chache, na hatimaye jaribu wino mwingine, maana wino hutofautiana sana kwa wepesi wa kutiririka, na kalamu ile ile inaweza kuonekana mgonjwa kwa wino mmoja na mzima kabisa kwa mwingine.

Ikiwa kosa ni herufi kuota nywele au wino kupenya nyuma ya ukurasa, basi usiiguse kalamu kwanza. Chukua karatasi iliyotiwa gundi ya kutosha usoni na uandike sentensi ile ile. Karatasi nyepesi za Tomoe River za gramu 52 kwa mita ya mraba zilipata sifa miongoni mwa wapenzi wa kalamu kwa sababu hii hasa: ingawa ni nyembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha maandishi ya upande wa pili, wino hausambai ndani ya nyuzi zake. Aliyekwisha kununua kalamu tatu akitafuta mstari safi kwenye daftari la karatasi ya kunyonya amekuwa akimpa dawa mtu asiye mgonjwa.

Liko jambo jingine, nalo ni mkono. Kalamu ya kawaida, yaani ile yenye kijigololi nchani, huhitaji kukandamizwa ili kijigololi kizunguke, na mkono uliozoea hivyo huhamishia nguvu hiyo kwenye kalamu ya wino ambayo haihitaji zaidi ya uzito wake yenyewe. Matokeo yake ni meno kutanuka, wino kukatika na vidole kuchoka. Mwandishi hulaumu unene wa kalamu, akanunua nene zaidi, akalaumu uzito, akanunua nyepesi. Andika nusu ukurasa huku ukiishika kalamu kwa ulegevu kiasi kwamba mtu angeweza kuichomoa vidoleni bila kuvuta. Ikiwa maumivu yamepungua, kalamu haikuwa na kosa.

Dalili ya pili: «Nina nyingi, lakini leo hakuna hata moja inayonifaa»

Hiki ndicho chanzo ninachokiona kuwa mama wa vyanzo vingine. Mtu mwenye kalamu 12 zilizojazwa wino kwa pamoja, naye anaandika ukurasa mmoja kwa siku, anaifikia kila kalamu kwa wastani mara moja katika siku 12. Katika muda huo maji yaliyomo ndani ya wino hupungua, rangi inakuwa nzito, kipitisha wino kinaanza kuziba, na siku zamu yake inapofika kalamu inagoma. Anairudisha kwenye mkoba kwa kukasirika, anachukua nyingine ambayo nayo imekauka nusu, na jioni anajikuta anatazama picha za kalamu mpya, ambayo kwa hakika itaandika vizuri siku ya kwanza kwa sababu tu ni safi na imejazwa muda huo. Anainunua, zinakuwa 13, na zamu ya kila moja inazidi kusogea mbali. Wingi wenyewe umekuwa ugonjwa, na dawa anayoitumia inauongeza.

Rekebisho lake halihitaji kuuza chochote. Osha kalamu zote, zikaushe kwa siku moja zikiwa zimesimama nibu chini juu ya kitambaa au karatasi ya kunyonya, kisha ujaze 3 tu. Nyingine zihifadhiwe zikiwa kavu, mahali pasipopigwa jua. Kanuni ni kwamba kalamu ya nne haijazwi mpaka mojawapo ya hizo tatu imalize wino wake na kuoshwa. Idadi ya 3 si takatifu. Anayeandika sana anaweza kuwa na 5, na anayeandika kidogo atafaa zaidi na 2. Kipimo ni kwamba kila kalamu iliyo na wino iguse karatasi angalau kila baada ya siku mbili.

Wengi wanaojaribu kanuni hii hupata mshangao wa aina mbili. Kwanza, kalamu walizozidharau huanza kuandika kama mpya. Pili, kuchagua ni zipi 3 zitakazoingia zamu ijayo huwa na raha inayokaribiana sana na raha ya kununua, kwa kuwa kalamu iliyokaa kavu kabatini miezi minne hurudi mkononi ikiwa na ugeni wake.

Wino wa chembechembe zinazometameta na ule wa rangi isiyofutika kwa maji usiingizwe katika kalamu inayosubiri zamu, maana huziba haraka. Wino wa kale wa chuma na tanini, ambao huingia karatasini ukiwa hafifu na kuwa mweusi kadiri unavyokutana na hewa, nao una asidi, hivyo unataka kalamu inayotumika kila siku na kuoshwa mara kwa mara. Ama wino mzito wa wachoraji wenye gundi ya shelaki, huo usiingizwe kamwe katika kalamu ya aina hii.

Dalili ya tatu: «Nataka nibu ya dhahabu»

Swali la kuuliza hapa ni: dhahabu hiyo inagusa nini? Nibu ya karati 14 huchapwa namba 585, yaani sehemu 585 katika 1,000 ni dhahabu safi. Ya karati 18 huchapwa 750. Lakini kile kijipunje kilichochomelewa kwenye ncha kabisa, ambacho ndicho peke yake kinachosuguana na karatasi, si dhahabu. Ni mchanganyiko wa metali ngumu sana, na nibu za chuma nazo huwa na kijipunje cha namna hiyo. Ulaini wa kuteleza unatokana na jinsi kijipunje hicho kilivyosuguliwa, wala hautokani na bati linalokibeba.

Dhahabu iliingia katika nibu kwa sababu ya haja halisi. Wino wa zamani ulikuwa na asidi na ulikula chuma, ilhali dhahabu haikushambuliwa. Chuma cha pua cha siku hizi kinastahimili wino wa kawaida bila shida, kwa hiyo haja hiyo imekwisha kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni kwamba baadhi ya nibu za dhahabu hunesa zaidi chini ya mkono, na hata hilo hutegemea unene na umbo la bati, kwa kuwa zipo nibu za dhahabu ngumu kama msumari. Ikiwa umewahi kuandika kwa nibu ya dhahabu iliyonesa na ukalipenda tendo lenyewe la kunesa, hamu yako ina msingi. Ikiwa unachokitamani ni mng'ao, hilo nalo si kosa, ila usiandikishe mng'ao huo katika orodha ya mahitaji ya uandishi.

Dalili ya nne: «Nataka mstari mwembamba zaidi, au mpana zaidi»

Upana wa mstari hauamuliwi na nibu peke yake. Nibu ya herufi F, yaani nyembamba, kutoka Japani kwa kawaida hutoa mstari mwembamba kuliko F ya Ujerumani, kwa hiyo herufi zilizochapwa juu ya nibu si kipimo cha kulinganisha kampuni na kampuni. Kabla ya kununua, jaribu wino mkavu zaidi, yaani usiotiririka kwa wepesi, ambao hupunguza upana, au karatasi isiyonyonya. Geuza pia nibu juu chini uandike taratibu. Kalamu nyingi hutoa mstari mwembamba sana kwa upande huo, japo kwa mikwaruzo kidogo.

Ikishindikana, nunua nibu, usinunue kalamu. Nibu ya chuma ya Lamy Safari huchomoka kwa kuishika na kipande cha utepe wa gundi na kuivuta mbele, na nibu za kalamu nyingi za Pelikan hufunguliwa kama skrubu pamoja na kipitisha wino chake. Angalia kwanza kalamu yako iko katika kundi gani, usije ukavuta kwa nguvu isiyopaswa kuvutwa.

Dalili ya tano: «Toleo hili litaisha, nisipolipata sasa sitalipata tena»

Hapa kinachosukuma si kalamu bali ni saa. Chukua tangazo la kalamu hiyo na uandike pembeni yake sehemu zinazofanya kazi: nibu, kipitisha wino, mfumo wa kujaza, kifuniko. Kisha uandike zile zile za kalamu unayoimiliki ya aina hiyo. Lamy Safari, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980, imetolewa katika rangi nyingi za matoleo maalumu, na chini ya rangi hizo zote mna nibu ile ile na kipitisha wino kile kile. Ukurasa ulioandikwa kwa ya njano na ulioandikwa kwa ya zambarau haumwambii msomaji lolote kuhusu plastiki.

Kuna tiba ndogo ninayoipendekeza kwa uchu wa rangi, nayo ni kuuhamishia kwenye wino. Kifyonza wino cha kawaida hubeba kati ya mililita 0.5 na 0.8. Chupa ya mililita 50 ikijaza kifyonza cha mililita 0.7 itakijaza mara 71, na anayemaliza ujazo mmoja kwa wiki ana wino wa zaidi ya mwaka mmoja. Hesabu hii ina makali pande mbili, bila shaka, maana aliyehama kutoka kukusanya kalamu hadi kukusanya chupa 40 amejiwekea akiba ya nusu karne. Kwa hiyo tumia chupa ndogo za majaribio, na ujipe sharti la kumaliza moja kabla ya kufungua nyingine.

Pia fikiri juu ya zile ambazo hazikuisha. Lamy 2000 ilitoka mwaka 1966 na ingali inatengenezwa kwa umbo ambalo halikubadilika sana. Aliyeikosa mwaka huu ataikuta mwaka ujao. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wa toleo maalumu unapita kwa makusudi, kwa kuwa kupita huko ndiko kunakouuza.

Dalili ya sita: «Ni ya bei ndogo tu»

Jumlisha. Fungua orodha ya kumbukumbu za malipo yako, andika kila kalamu ya bei ndogo uliyoinunua ndani ya miezi 12, pamoja na gharama za kuisafirisha, na utazame jumla. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mara nyingi jumla hiyo inatosha kwa kalamu moja ambayo kwa muda wote huo ulikuwa ukiikataa kwa kusema ni ghali. Sina la kuongeza hapa, kwa sababu kwa hitilafu hii hesabu yenyewe hutibu kuliko maneno.

Dalili ya saba: «Ni ya kale, inahitaji kuokolewa»

Kalamu za zamani zina mvuto wa haki. Parker 51 iliyoingia sokoni mwaka 1941, nibu yake ikiwa imefichwa ndani ya ganda ili isikauke, bado inaweza kuandika leo ikitunzwa. Tatizo ni kwamba kalamu nyingi za enzi hizo zilijazwa kwa kimfuko cha mpira kilichobanwa kwa wenzo ulio ubavuni, na mpira huo hukakamaa na kupasuka kwa miaka. Mnunuzi anayesema anaokoa kalamu anatakiwa kuwa na kimfuko kipya, gundi ya shelaki ya kukifungia, uvumilivu wa kulegeza maungio kwa joto hafifu, na ujasiri wa kukubali kwamba nyingine zitavunjika mkononi mwake.

Swali la uchunguzi ni moja: katika orodha yako, ni kalamu ngapi za kale ambazo hazijarekebishwa? Ikiwa zipo hata 2, basi kazi ya uokozi iko tayari nyumbani kwako na haihitaji mgonjwa wa tatu. Ikiwa hakuna, na umegundua kwamba unapenda kukarabati kuliko kuandika, basi una kipaji kingine kinachostahili kuheshimiwa, na ambacho kina faida ya kwamba kalamu iliyotengemaa inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Dalili ya nane: Uchu unakuja kwa saa maalumu

Kwa siku 14, kila unapojikuta unatazama kalamu kwenye simu, andika katika daftari lako saa na kilichotangulia. Usijizuie katika kipindi hicho; andika tu. Ukikuta kwamba matukio mengi yamejikusanya usiku baada ya kazi nzito, au baada ya ugomvi, au wakati ulipokuwa umeikwepa barua fulani ngumu, basi kalamu ni kisingizio cha kupumzika. Utafutaji wenyewe, yaani kulinganisha nibu, kusoma maoni, kuweka na kutoa kwenye kikapu cha manunuzi, ndio ulioleta raha, na raha hiyo huisha pale pale kifurushi kinapofunguliwa.

Hapa kukataza mtupu hakusaidii, kwa sababu mikono inabaki bila kazi. Ipe mikono hiyo kazi ya jamii ile ile: kuosha kalamu iliyomaliza wino huchukua robo saa, na kutazama rangi ikififia ndani ya bilauri ya maji kunatuliza kuliko skrini. Jiondoe kwenye orodha zote za matangazo ya barua pepe ya wauzaji. Futa namba ya kadi iliyohifadhiwa katika tovuti za kununulia, ili ununuzi uhitaji kunyanyuka kwenda kuitafuta pochi. Kwangu mimi hatua hiyo ya mwisho ilikata zaidi ya ahadi zote nilizowahi kujiwekea, jambo ambalo halinipi sifa kubwa lakini ni kweli.

Pale ambapo uchu una haki

Haitakuwa uaminifu kudai kwamba kila hamu ya kalamu ni hitilafu. Mwandishi wa mkono wa kushoto ambaye mkono wake unapita juu ya maandishi mabichi, na aliyekwisha kujaribu wino unaokauka haraka pamoja na nibu nyembamba, anaweza kuhitaji chombo tofauti. Anayeandika akiwa amesimama, akifungua na kufunga kalamu mara 50 kwa siku, ana sababu ya kutaka kalamu inayofunguka kwa kubonyeza, kama Pilot Capless iliyoanza mwaka 1963. Mwenye vidole vinavyouma hata baada ya kulegeza mshiko naye anastahili kishikio kinene zaidi.

Alama ya haja ya kweli ni kwamba inaweza kuelezwa bila kutaja jina la kalamu. Andika katika daftari: kazi gani inashindikana sasa, nimejaribu nini katika kalamu nilizo nazo, na nini kilitokea. Chini yake andika tarehe, na usinunue mpaka siku 30 zipite. Ndani ya siku hizo tafuta nafasi ya kuishika kalamu hiyo mkononi na kuandika kwayo aya nzima kwa karatasi na wino unaoutumia kila siku, kwa sababu mstari mmoja wa majaribio dukani hufurahisha kwa nibu yoyote iliyochovywa chupani muda huo.

Siku ya 31 soma ulichoandika. Ikiwa kazi bado inashindikana, inunue, ukiwa umekwisha kuamua ni ipi kati ya zile tatu zenye wino itakayooshwa na kuingia kabatini ili hiyo mpya ipate zamu. Ikiwa unalazimika kukaa kitako ili ukumbuke kazi yenyewe ilikuwa ipi, piga mstari juu ya ukurasa huo, uandike tarehe, na uendelee kuutumia upande wa pili.